Shajara ya Mwana wa Insha: podikasti yangu inavyokwenda (na isivyokwenda)

Wiki ya 1, Jumapili usiku

Haya naanza. Miaka mingapi nasema nitafanya nitafanya, mpaka nyumbani wakinisikia nataja jina la huyu bwana wanabadilisha mazungumzo. Mradi wenyewe ni podikasti ya Kiswahili, vipande vinne, kila kimoja dakika ishirini hivi, kuhusu Ibn-e-Insha, mwandishi wa Kiurdu wa Pakistan, mtu wa makala za kuchekesha magazetini, mshairi pia, na msafiri wa kupindukia. Mimi nilisoma Karachi miaka ya tisini, Kiurdu nilikiokota kwenye mabasi na kwa wauza chai, kisha siku moja Saddar, mtaa wa katikati ya Karachi, pale wanapotandika vitabu vikuukuu barabarani Jumapili, nikanunua kitabu chake bila kujua ni nani, kwa sababu kilikuwa rahisi na jalada lake lilifanana na kitabu cha shule. Nikadhani kitanisaidia kujifunza lugha. Nilifika ukurasa wa tatu ndo nikagundua kuwa nachezewa.

Nimenunua maiki ndogo ya kubana shatini. Laptopu ni ile ile ya zamani, feni yake inapiga kelele kama jenereta ya harusi. Tutaona.

Wiki ya 1, Jumatano

Leo nimeandika utangulizi mara nne na nimefuta mara nne. Kila nikianza na "alizaliwa mwaka fulani mahali fulani" nasinzia mwenyewe, sasa msikilizaji je. Halafu nikiwa kwenye matatu nimeona mlango ulipo, uko kwenye jina lake.

Jina la kuzaliwa ni Sher Muhammad Khan. Sher kwa Kiurdu ni simba, na kuna neno jingine linalotamkwa karibu hivo hivo ambalo maana yake ni ubeti, ndilo ndugu wa hili letu la shairi. Kwa hiyo jamaa tayari alikuwa na simba na ubeti kwenye jina moja, lakini akaliacha akajiita Ibn-e-Insha. Mwana wa Insha! Na insha ni hii hii yetu, neno limetoka Uarabuni likaenda kwao likaja na kwetu. Mtu yeyote aliyesoma Kenya hii anajua insha ni nini, ile karatasi ya alama arobaini ya KCPE (mtihani wa darasa la nane, wa mwisho ulikuwa 2023), mwalimu kakwambia tia methali, tia tashbihi, anza na jogoo wa kwanza aliwika nilipoamka alfajiri na mapema. Nusu ya taifa letu ni wana wa insha. Nikiwaambia wasikilizaji hivo kwenye sekunde ya kumi nawapata, sihitaji kuwaelezea Punjab iko wapi kwanza.

Kwa hiyo kipande cha kwanza kinaanza na jogoo. Nimerekodi jogoo wa jirani, bure.

Wiki ya 2, Jumamosi

Utoto na ujana. Hapa napita haraka, tarehe zikiwa nyingi mtu anazima simu. Kazaliwa tarehe 15 Juni 1927 huko Phillaur, wilaya ya Jalandhar, Punjab, wakati huo yote ni India ya Mwingereza. Digrii ya kwanza Chuo Kikuu cha Punjab, 1946. Mwaka unaofuata nchi inakatwa vipande viwili na Phillaur inabaki upande wa India, yeye anakuwa mtu wa Pakistan. Anafanya kazi redioni, Radio Pakistan, anahamia Karachi, anasoma tena mpaka digrii ya pili 1953, na 1955 anatoa diwani yake ya kwanza, Chand Nagar, yaani mji wa mwezi. Basi. Dakika tatu zimetosha.

Lakini hiyo Phillaur ilikuwa inanisumbua, jina tupu bila sura. Nikaenda kwa mzee jirani yetu, Kalasinga, fundi mstaafu, babu yake alikuja Mombasa enzi za kujenga reli, wale maelfu walioletwa kutoka Punjab kati ya 1896 na 1901. Nikamuuliza, mzee, Phillaur wapajua? Akaacha chai. Akasema Phillaur si ndo pale kwenye ngome ya Ranjit Singh, yule mfalme wetu Makalasinga, karibu na mto Sutlej, siku hizi polisi wanafunzwa humo ndani. Kijiji cha kwao hakiko mbali na hapo. Halafu akaanza kunieleza mambo ya mashamba ya miwa na treni na shangazi zake, mimi nimekaa na maiki mfukoni sijaiwasha, mjinga mkubwa mimi. Nilipoomba arudie ili nirekodi akakataa, akasema hadithi ikishapoa si hadithi.

Kumbukumbu kwa nafsi yangu: maiki iwashwe kabla ya salamu.

Wiki ya 3, Jumatatu mpaka Ijumaa, nimeunganisha

Wiki hii imeenda yote kwenye kitabu kimoja, kile kile nilichonunua Saddar. Kinaitwa Urdu ki Aakhri Kitab, Kitabu cha Mwisho cha Kiurdu, kilitoka 1971. Ili kicheko kiingie lazima ujue kwamba karne ya kumi na tisa kule Lahore bwana mmoja mkubwa wa lugha, Muhammad Husain Azad, aliandika vitabu vya kusomea shuleni, na kimojawapo ndo Kitabu cha Kwanza cha Kiurdu, watoto vizazi kwa vizazi wamekariri. Insha akasema mimi nitaandika cha mwisho. Ndani kuna kila kitu cha kitabu cha shule, historia, jiografia, hesabu, hadithi za wanyama, maswali mwisho wa somo, na kila kitu kimepinda kidogo tu. Si sana. Kikipinda sana hakichekeshi.

Kazi yangu ni kutoa mifano minne mitano kwa Kiswahili kwenye kipande cha pili. Jumatatu nilitafsiri vizuri kabisa, neno kwa neno, nikamsomea mke wangu. Akaniuliza, "Kichekesho kiko wapi?" Nikamwelezea. Akasema, "Aa." Mzaha unaoelezewa ni kama samaki aliyelala juani, unajua mwenyewe.

Jumanne nikajaribu kuigiza, sauti za vikatuni, vicheko. Mbaya zaidi. Sitaki hata kuisikia ile faili.

Jumatano ndo nikashtuka. Huyu mtu hachekeshi kwa maneno ya kuchekesha. Anatumia sauti ya mwalimu, sauti kavu, ya chaki, na hacheki hata mara moja. Kumbe kazi si kutafsiri mzaha wake, natakiwa nitafute sauti ya mwalimu WETU, niiache iseme yale mambo bila kupepesa macho. Na sauti hiyo naijua, nimechapwa nayo miaka minane.

Mfano wa kwanza umekubali wenyewe. Kwenye historia anamtaja mfalme Aurangzeb, yule wa Wamughal, ukoo uliotawala India zamani, mcha Mungu sana, ambaye pia katika kugombea kiti kaka yake Dara Shikoh aliuawa na mdogo wake Murad akauawa. Insha anasema hakuacha swala yoyote wala hakuacha ndugu yeyote. Jamani, kitenzi kile kile, kuacha, kinafanya kazi ile ile kwetu. "Hakuacha swala, hakuacha ndugu." Sijabadilisha kitu. Nilicheka peke yangu jikoni saa sita usiku.

Hesabu ilikuwa kazi. Kwenye kujumlisha yeye anacheza na neno lao la jama, ambalo ni kujumlisha na pia kuweka akiba, anasema kanuni hii ni ngumu kuifuata wakati wa maisha ghali kwa sababu kila kitu kinaisha na hakuna kinachokusanyika. Hiyo inaeleweka hata kwa tafsiri, nani hapa hajui bei ya unga. Ila kuzidisha kwao ni zarb, na zarb pia ni pigo, kwa hiyo anaanza kupanga aina za zarb kama ripoti ya majeruhi kituo cha polisi, pigo jepesi, pigo zito, na kadhalika. Kwetu kuzidisha hakupigi mtu. Siku nzima nimekwama. Halafu nikamsikia binti yangu anamfokea mdogo wake, "We umezidisha sasa!" na nikatupa kalamu. Ndiyo! Kuzidisha kwetu ni kupita mpaka. Kwa hiyo somo langu la kuzidisha limekuwa la watu wanaozidisha, jirani anayezidisha spika, mwanasiasa anayezidisha salamu. Si maneno yake tena, na kwenye podikasti nitasema wazi kwamba hapa nimecheza ngoma yangu kwa mdundo wake.

Na kutoa! Kutoa sikuwa nimepanga kabisa, lakini Kiswahili kimenipa bure. Kutoa ni hesabu, kutoa ni ukarimu, kutoa ni kitu kidogo cha askari barabarani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wanafunzi, mkitoa kwa askari mia mbili kutoka mia tano mnabakiwa na nini? Mnabakiwa na safari. Hii ni yangu, najua, lakini naamini Insha angeipitisha.

Ijumaa: mfano wa mwisho sijaugusa. Ni ule wa "Nchi Yetu". Nauogopa kidogo. Nitarudi kwake.

Wiki ya 4

Hamna kitu. Umeme, mafua, tuktuk zimegeuza uchochoro wetu kuwa steji, na kila nikibonyeza rekodi muadhini anaanza (yeye hana makosa, mimi ndo sijui kupanga saa). Dakika sita tu zimepatikana wiki nzima. Nimegundua kabatini kati ya nguo sauti inatoka safi, ila joto la humo linaweza kukaanga sambusa.

Wiki ya 5, Alhamisi

Kipande cha tatu, safari. Hiki kimenipa raha kuliko vyote.

Mchana Insha alikuwa mtu wa ofisi. Kuanzia 1962 aliongoza National Book Council ya Pakistan, baraza la vitabu, na kazi hiyo ikawa inamrusha huku na huku, Japani, Ufilipino, Indonesia, Uturuki, Iran, Ufaransa, Uingereza, Marekani. Wengine wakitumwa semina wanarudi na ripoti na shati la duty free, yeye anarudi na makala za gazeti, Jang au Imroz, halafu makala zinakuwa kitabu. Cha China kilitoka 1967, na jina lake ni mchezo. Mir, mshairi mkubwa wa zamani ambaye Insha alimpenda kupita kiasi, ana mstari unaosema kama unakwenda basi twende bustanini, na bustani kwao ni chaman. Insha akakiondoa chaman akaweka Cheen. Kama unakwenda, twende China. Herufi chache tu, kutoka bustanini mpaka Peking.

Kikafuata Dunya Gol Hai, 1972. Hiki hakihitaji mkalimani, dunia duara! Ungekiweka kwenye leso hapa Mombasa kingeuzika. Na 1974 ndo kikaja kile cha kumfukuzia Ibn Battuta, yaani anamfuata nyuma kwa ndege msafiri aliyezunguka kwa ngamia na majahazi miaka mia sita iliyotangulia.

Hapo mimi kama mtu wa Mombasa siwezi kukaa kimya, nimetenga dakika mbili za kujidai. Ibn Battuta alipita hapa, 1331, akitoka Mogadishu akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki ni Mashafii, wacha Mungu, chakula chao ndizi na samaki, misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara, na ukitaka kuingia msikitini unaosha miguu kwanza. Na alilala usiku mmoja tu! Kilwa akakuta sultani mkarimu mpaka anaitwa baba wa zawadi, sisi tukapata usiku mmoja na sifa ya kuosha miguu. Miaka karibu mia saba bado inaniuma.

Nilichokipenda kwa Insha msafiri ni kwamba hajifanyi shujaa. Wasafiri wengi wa kuandika wanapanda milima. Yeye anahangaika na hoteli, pesa za kigeni, mpishi asiyeelewa kwamba hali nguruwe, na kingereza cha mwenyeji wake kikiwa kibovu kuliko chake wote wawili wanajikuta marafiki. Ni ile sauti kavu tena, ila safari hii anayechekwa ni yeye.

Nimeweka pia maneno ya Mushtaq Ahmad Yusufi, mchekeshaji mwenzake, mtu wa benki yule. Alisema aliyeumwa na nge hulia, aliyeumwa na nyoka hulala, na aliyeumwa na Insha hutabasamu usingizini. Nimerekodi mara moja tu ikatoka sawa, nadhani kwa sababu mstari wenyewe unabeba mtu.

Wiki ya 6, Jumanne

Nilikuwa nimeamua mashairi nisiyaguse, podikasti ni ya kicheko. Halafu nikaenda kumwamkia bi mkubwa, nikamwekea kwenye simu ghazali moja, shairi la kuimbwa, kupima spika tu, Ghulam Ali anaimba, ile ya "kal chaudhvin ki raat thi". Mamangu hajui Kiurdu, anajua filamu za Kihindi za sinema zetu za zamani. Akasikiliza akasema, "Huyo anamsifia mwanamke kwa mwezi kumi na nne."

Nikamwuliza kajuaje. Akasema chaudhvin si kumi na nne, filamu ile ya zamani ya Guru Dutt jina lake si hilo hilo, na mwezi ukitajwa na kumi na nne kwani kuna habari nyingine? Ni kweli. Huku pwani mtu mzuri ni mwezi kumi na nne, kule nako ni hivyo hivyo, na shairi lenyewe linasema usiku wa kumi na nne watu walikesha kwa habari zako, huyu anasema ni mwezi, yule anasema ni uso wako. Mwandishi wa hiyo ni Insha, mamangu hakuamini kwamba ndo yule yule wa askari na mia mbili (nilimwambia ya askari ni yangu, akasema alijua, haina adabu).

Kwa hiyo nimerudi nyumbani nikabomoa kipande cha nne chote. Mashairi yanaingia.

Na yakishaingia haya, huwezi kuikwepa "Insha ji utho". Inuka bwana Insha, twende zetu, mji huu si wa kuwekea moyo. Ustad Amanat Ali Khan aliiimba mpaka ikawa yake, na 1974 huyo huyo akafariki. Mwenyewe Insha alifariki miaka michache baadaye, 1978, na Asad, mtoto wa Amanat Ali, naye mwimbaji aliyekuwa akiiimba, alifariki London 2007. Watu wa kule wamefanya hiyo kuwa hadithi ya kutisha, ghazali yenye nuksi. Mimi siiweki hivo. Shairi lake linasema ondoka, na kila mtu ipo siku ataondoka, sasa hesabu hiyo nani ataikosa? Ila kama mtu wa pwani nakiri niliizima kabla sijalala.

Wiki ya 7, Jumapili

Miaka ya mwisho. Aliugua saratani, akawa London kikazi na kimatibabu, na huko akafariki tarehe 11 Januari 1978. Alikuwa na miaka hamsini tu, mimi nimeshampita kwa miwili! Walimrudisha Karachi kuzikwa. Mwaka huo huo serikali ikampa nishani ya Pride of Performance, na vitabu viliendelea kutoka hata baada ya kifo chake, kimojawapo cha vichekesho 1980.

Haya nimeyasema kwa sauti ile ile ya mwalimu, kavu, bila muziki wa kinanda nyuma. Nilijaribu na kinanda, nikaona aibu.

Wiki ya 7, Jumatano

"Nchi Yetu" nimeikabili leo.

Ni maswali na majibu, kama vile tulivyosoma darasa la pili. Nani anaishi Iran? Wairani. Uingereza je? Waingereza. Pakistan nani anaishi? Wapakistani. Halafu mwalimu anajirekebisha, hapana, Pakistan hawaishi Wapakistani, wanaishi Wasindhi, Wapunjabi, Wabengali, na wengineo. Mwanafunzi naye anauliza, lakini hao si wako India pia, sasa hii nchi tuliitengea nini? Na jibu linakuja kama la mtoto aliyevunja glasi, tulikosea, tuwie radhi, hatutarudia tena.

Kitabu ni cha 1971, na Desemba ya mwaka huo huo upande wa Wabengali ulishakuwa Bangladesh, baada ya damu nyingi. Na aliyeandika kwao Phillaur, ng'ambo ya mpaka. Ndo maana nilikuwa nauogopa.

Mimi nikiusoma unakuwa hotuba. Nikampa binti yangu, miaka kumi na mbili, nikamwambia asome kama anavyosomaga darasani, asifikirie kitu. Akaingia kabatini na maiki, akasoma kwa ule wimbo wa darasa, ule wa kupandisha swali na kuteremsha jibu, tuli-ko-sea, tuwie ra-dhi. Mara moja tu. Akatoka jasho linamtiririka akauliza kama anaweza kupata soda. Sijagusa hata sekunde ya ile faili, hata pale hanga linapogongana na hanga limebaki.

Wiki ya 8, Jumamosi

Vipande vitatu vimekamilika, cha nne kimefika dakika ishirini na tatu, nakiacha hivo hivo. Mzee Kalasinga hana habari na podikasti, ametaka kwenye flashi achomeke kwenye redio yake. Nimempelekea leo. Amesikiliza cha kwanza mpaka kwenye ngome na mto Sutlej, akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akasimamisha. Mimi nikajua kaguswa.

Akasema, "Phillaur unaisema vibaya." Akanitamkia mara tano, ile ph yao ya kupulizia na ile r ya mwisho, nikarudia mpaka akaridhika, safari hii maiki ilikuwa imewashwa. Jina linatokea mara kumi na moja kwenye vipande vyote. Kesho narudi kabatini.